Ultrasaundi ya mfukoni yavuka mpaka. Je, rufaa itavuka nayo?

Asubuhi pale Rusumo, ambapo mto Akagera ndio mpaka wa Rwanda na Tanzania, hupita mizigo ya kila namna. Malori ya mafuta hujipanga, magunia ya mchele hupakuliwa na kupakiwa, na akina mama wenye vikapu huvuka kwa miguu wakiwahi soko. Afisa wa forodha amezoea kuhesabu vitu vinavyoonekana: gunia, katoni, debe. Lakini miaka hii kuna bidhaa zinazoingia ndani ya mkoba wa mkononi, na thamani yake ikazidi ya pikapu iliyojaa ndizi. Mojawapo ni ultrasaundi, mashine ile ya kumwona mtoto tumboni, ambayo wengi wetu tuliizoea ikiwa na ukubwa wa jokofu dogo na ikisukumwa kwa magurudumu.

Zaidi ya kupungua ukubwa, ultrasaundi sasa inauzwa kwa vipande. Kile kichwa chake kinachopakwa jeli na kupitishwa tumboni, ambacho mafundi hukiita probu, kinanunuliwa peke yake. Kioo cha kutazamia ni simu ya mkononi. Halafu vipo vitu vya kuongezea kwenye probu hiyo: kishikizo cha kuongoza sindano, kihisi kidogo kinachoieleza kompyuta kuwa probu imeelekea upande gani, na programu inayomwambia mkunga asogeze mkono kushoto au kulia. Vitu hivi vya kuongezea ndivyo tunavyovitazama leo, kwa sababu ni vidogo, vinabebeka, na vinaahidi jambo kubwa, yaani kuiwezesha mashine ya kawaida ya zahanati kufanya kazi ya mashine ya hospitali kubwa.

Swali la kujiuliza ni hili: ahadi hiyo inamfaa nani hapa mpakani? Je, inamfaa mama mjamzito aliyerejea kutoka ukimbizini bila karatasi hata moja ya kliniki? Je, inamfaa mfanyabiashara anayefikiria kuongeza vifaa hivyo kwenye bidhaa zake? Jibu, kama tutakavyoona, ni kwamba kifaa kinaweza kufanya kazi yake vizuri na mama akapotea vile vile, ikiwa yaliyo nyuma ya kifaa hayakuandaliwa.

Kutoka chumba maalumu hadi mfukoni

Tuanze na namna mashine yenyewe inavyofanya kazi. Probu hutoa mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliyasikii, kisha husikiliza mwangwi unaorudi kutoka ndani ya mwili. Kompyuta hupokea mwangwi huo na kuuchora kuwa picha. Kwa muda mrefu mawimbi hayo yalitolewa na vipande vya kioo maalumu vilivyopangwa ndani ya probu, vitu ghali na dhaifu, ambavyo vikianguka sakafuni huweza kupasuka na hasara ikawa kubwa.

Safari ya kuipunguza mashine hii imepita hatua kadhaa. Mwaka 2010 kampuni ya GE ya Marekani ilikuwa tayari sokoni na Vscan, mashine ya kushika mkononi. Mwaka 2015 Philips walileta Lumify, probu inayochomekwa kwenye simu au kompyuta bapa. Mwaka 2017 kampuni ya Butterfly Network, iliyoanzishwa na mwanasayansi Jonathan Rothberg, ilipata kibali nchini Marekani kwa probu isiyotumia vioo vile vya zamani kabisa. Badala yake ilipanga maelfu ya vihisi vidogo mno juu ya chipu moja, ya aina ile ile ya teknolojia inayotengeneza chipu za simu. Bei iliyotangazwa wakati huo ilikuwa chini kidogo ya dola 2,000 za Marekani, wakati mashine za hospitali zilihesabiwa kwa makumi ya maelfu ya dola.

Hapo ndipo ultrasaundi ilipoacha kuwa mali ya chumba maalumu. Ikawa kitu ambacho daktari anaweza kukitia mfukoni, na pia kitu ambacho ndugu aliyeko Ulaya anaweza kukinunua na kukileta nyumbani kama zawadi kwa zahanati ya kijiji chao.

Hata hivyo, kupungua kwa bei ya probu hakukuondoa tatizo la pili, ambalo ni ujuzi. Picha ya ultrasaundi ya kawaida ni mkato mwembamba, mfano wa kipande kimoja cha mkate uliokatwakatwa. Anayepima hulazimika kuviunganisha vipande hivyo kichwani mwake ili aelewe mkate mzima ulivyo: mtoto amelalaje, kondo la nyuma limejishika wapi, maji yanatosha au hayatoshi. Ujuzi huo huchukua muda mrefu kuupata, na wenye ujuzi huo wengi wako mijini. Nyongeza tunazozizungumzia zimebuniwa ili kuziba pengo hilo.

Chipu ya dola 10 na hesabu yake kamili

Nyongeza ya zamani kuliko zote ni kishikizo cha sindano. Ni kipande kinachobanwa kwenye probu ili sindano ifuate njia inayoonekana kwenye picha, daktari anapotaka kunyonya maji yaliyojaa tumboni au kuchukua kinyama cha kupima. Hakina akili yoyote ndani yake, lakini kimewaokoa wengi na sindano ya kubahatisha.

Nyongeza ya aina mpya ilipata kujulikana mwaka 2017. Daktari Joshua Broder wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, akishirikiana na wahandisi wa chuo hicho na wa Stanford, alionyesha kwamba chipu ya dola 10 tu inaweza kuifanya mashine ya picha bapa itoe picha yenye pande tatu. Wazo lilimjia akiwa anacheza na mwanawe mchezo wa video wa Nintendo Wii, ambao rimoti yake hutambua mkono wa mchezaji umeelekea wapi. Alijiuliza kwa nini kitu kama hicho kisifungwe kwenye probu. Wakakitengenezea kibebeo cha plastiki, wakakibana kwenye probu ya kawaida, na kompyuta ikawa inapokea mikato mingi pamoja na habari za kila mkato ulichukuliwa kwa mwelekeo gani. Kazi ya kuunganisha vipande vya mkate ikahama kutoka kichwani mwa daktari kwenda kwenye kompyuta.

Habari hiyo ilipendwa na magazeti, na si ajabu. Dola 10 ni fedha ambayo hata mchuuzi wa mpakani anaweza kuitoa. Lakini mfanyabiashara mzoefu hapaswi kuishia kwenye tarakimu ya mwanzo. Dola 10 ilikuwa bei ya chipu. Mashine ya ultrasaundi inayofungiwa chipu hiyo ni gharama nyingine. Kompyuta ya kuunganisha picha ni gharama nyingine. Programu, majaribio, kibali cha mamlaka na fundi wa kutengeneza pale kinapoharibika, vyote vina bei yake. Anayenunua nyongeza kwa bei ya nyongeza, akasahau mzigo unaoifuata, amenunua tandiko kabla ya kuwa na punda.

Nyongeza ya tatu haishikiki kwa mkono, nayo ndiyo inayozungumzwa sana sasa. Ni programu ya akili mnemba inayowekwa kwenye simu iliyounganishwa na probu. Mpimaji hahitaji kuielewa picha. Anachofundishwa ni kupitisha probu juu ya tumbo la mama kwa mistari iliyopangwa, kutoka chini kwenda juu na kutoka upande hadi upande, bila hata kutazama kioo. Programu hukusanya picha hizo na kutoa jibu, kwa mfano umri wa mimba.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la JAMA ulilinganisha njia hiyo na kazi ya wataalamu, huko Lusaka nchini Zambia na Chapel Hill nchini Marekani, kwa akina mama 400. Wapimaji wasio na uzoefu wakitumia probu ya bei nafuu yenye akili mnemba walikosea umri wa mimba kwa wastani wa siku 3.2. Wataalamu wenye mashine kubwa walikosea kwa wastani wa siku 3.0. Tofauti hiyo ni ndogo mno. Ina maana kwamba kwa swali hilo moja, muuguzi wa kituo cha afya anaweza kupata jibu linalokaribiana na la bingwa.

Kwa nini umri wa mimba ni jambo zito?

Msomaji anaweza kuuliza, kuna ugumu gani kujua umri wa mimba, si mama mwenyewe anahesabu? Kwa aliyetulia nyumbani na kliniki iko jirani, pengine. Lakini tuchukue mfano wa mama aliyekaa miaka kambini, akapanda lori la kurejea nyumbani, akapitia kituo cha mapokezi, kisha akaanza kutafuta nyumba, shamba na shule ya watoto. Tarehe ya hedhi ya mwisho ni kitu cha kwanza kusahaulika. Au tuchukue mfano wa mfanyabiashara anayelala Ngara leo na Kirehe kesho, aliyehudhuria kliniki mara moja upande huu na mara moja upande ule, na kila upande ukamwandikia kadi yake.

Mtoto wa mama kama huyo akianza kuja, mkunga hajui kama huyu ni njiti anayehitaji kuandaliwa joto na dawa za mapafu, au ni mtoto aliyetimiza siku zake ila ni mdogo kwa sababu hakulishwa vya kutosha tumboni. Hizo ni hali mbili zenye matibabu tofauti. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, lilipendekeza kila mjamzito apimwe ultrasaundi angalau mara moja kabla ya wiki ya 24. Sababu ya kuwahi ni kwamba katika miezi ya mwanzo watoto hukua kwa kasi inayofanana, hivyo kipimo hutoa hesabu sahihi. Mimba ikishakua, kila mtoto hufuata mwendo wake na hesabu hulegea.

Kipimo hicho hicho huonyesha mapacha ambao hawakutarajiwa, mtoto aliyetanguliza makalio, na kondo la nyuma lililoziba njia. Hilo la mwisho likigunduliwa mapema, mama hupangiwa kujifungulia mahali penye chumba cha upasuaji na damu. Lisipogunduliwa, huja kujulikana usiku, kwa kutoka damu, mbali na gari.

Kirehe, Nawanyago na somo la nchi tano

Kanda yetu ina uzoefu wake. Mwaka 2008, katika hospitali za Rwinkwavu na Kirehe, mashariki mwa Rwanda, madaktari walifundishwa kutumia ultrasaundi za kubebeka katika mpango uliosaidiwa na shirika la Partners In Health. Kirehe ndiyo wilaya yenye daraja la Rusumo. Katika vipimo 345 vya mwanzo, vingi vilikuwa vya uzazi, vikifuatiwa na vya tumbo. Ripoti iliyochapishwa mwaka 2009 ilieleza kwamba katika asilimia 43 ya vipimo, matokeo yalibadilisha mpango wa matibabu. Yaani karibu wagonjwa wanne au watano kati ya kumi walikuwa wakielekea kwenye matibabu fulani, na picha ikawaelekeza kwingine.

Uganda nako, katika kituo cha afya cha Nawanyago wilayani Kamuli, mradi wa Imaging the World ulianza mwaka 2010 kuwafundisha wakunga kupitisha probu kwa mistari iliyopangwa na kutuma picha kwa wataalamu kupitia mtandao wa simu. Ni njia ile ile ambayo leo akili mnemba inaifuata, ila wakati huo aliyekuwa upande wa pili ni binadamu. Waliofuatilia mradi huo waliripoti mwaka 2013 kwamba idadi ya akina mama waliohudhuria kliniki na waliojifungulia kituoni iliongezeka. Mama alipopata habari kuwa kituoni kuna mashine ya kumwona mtoto, alikwenda.

Kama tungeishia hapo, makala haya yangekuwa tangazo la biashara. Lakini kuna utafiti wa tatu, mkubwa zaidi, ambao wauzaji wa vifaa hawaupendi sana. Unaitwa First Look, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018. Ulifanyika katika nchi tano: Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya, Zambia, Pakistan na Guatemala. Maeneo yaligawanywa kwa kura. Mengine yalipewa ultrasaundi pamoja na wauguzi na wakunga waliofundishwa, mengine yaliendelea na huduma za kawaida. Kisha wakahesabu. Mahudhurio ya kliniki hayakuongezeka kuliko kule kusikokuwa na mashine. Wenye mimba zenye matatizo hawakujifungulia hospitali kwa wingi zaidi. Vifo vya akina mama na vya watoto wachanga havikupungua.

Je, ina maana mashine ilikuwa mbovu? La hasha. Wauguzi walipima, picha zilionekana, na wenye matatizo walitambuliwa. Kwa maoni ya safu hii, kilichokosekana kiko baada ya picha. Mama anaambiwa kondo limeziba njia, aende hospitali ya wilaya. Aende na nini? Nani atabaki na watoto? Akifika, je, daktari wa upasuaji yupo? Damu ipo? Kama majibu ya maswali hayo yamebaki yale yale ya mwaka jana, picha imemwongezea mama hofu tu.

Hilo ndilo somo la kubeba tunapoambiwa kuwa nyongeza mpya inaifanya probu ione zaidi. Kuona zaidi ni jambo jema. Lakini Kirehe matibabu yalibadilika kwa sababu aliyeona alikuwa daktari wa hospitali, mwenye wodi na chumba cha upasuaji hatua chache kutoka alipokuwa. Kifaa hicho hicho kikipelekwa kwenye zahanati isiyo na gari la wagonjwa, hakitaleta matokeo ya Kirehe kwa kuwa tu kimeongezewa chipu.

Mpaka unapoingia kati

Kwa wasomaji wetu wa mpakani kuna kikwazo cha ziada. Rufaa ina utaifa. Mama aliyepimwa upande mmoja na kuonekana ana tatizo anaweza kuwa karibu zaidi na hospitali ya upande wa pili, lakini kadi yake ya bima ni ya huku, na jalada lake liko huku. Matokeo yake ni kwamba hupimwa upya, hulipa upya, na kama pesa haipo huamua kurudi nyumbani kusubiri.

Jumuiya ya Afrika Mashariki imepanuka. Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2007, Sudan Kusini mwaka 2016, Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Kituo cha huduma kwa pamoja cha Rusumo, kilichofunguliwa rasmi mwaka 2016, kimewezesha lori kukaguliwa mara moja badala ya mara mbili. Tumeweza kuunganisha ukaguzi wa lori. Kadi ya mjamzito ni karatasi moja nyepesi kuliko hati za lori, na bado haijapata kituo chake cha pamoja.

Hapa ndipo kifaa kinachotumia simu kingeweza kusaidia kweli. Picha iliyopigwa kwa simu inaweza kutumwa, na umri wa mimba ulioandikwa na programu unaweza kusomwa na mkunga yeyote bila kuuliza mama ni raia wa wapi. Hata karatasi ndogo yenye tarehe ya kipimo, umri wa mimba siku hiyo na mahali lilipo kondo inatosha kumwongoza mkunga wa upande wa pili. Kwa mama anayevuka kila wiki, karatasi hiyo ina thamani kuliko picha nzuri ya uso wa mtoto.

Lakini picha inayosafiri huleta swali la faragha. Vifaa vingi vya aina hii huhifadhi picha kwenye kompyuta za kampuni zilizoko ng'ambo. Rwanda ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2021, Tanzania mwaka 2022, Kenya na Uganda mwaka 2019. Sheria hizo zinahusu habari za afya pia. Mwenye zahanati anayepokea zawadi ya probu kutoka kwa ndugu aliyeko ughaibuni, yenye akaunti iliyofunguliwa kwa jina la ndugu huyo, anapaswa kujiuliza picha za wagonjwa wake zinakwenda wapi na nani anaweza kuzifungua.

Kwa anayetaka kuleta vifaa hivi

Sasa tuongee na mfanyabiashara. Katika ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya, mashine za ultrasaundi ziko katika kifungu cha 9018.12, na kiwango cha ushuru wa kuingiza ni asilimia sifuri. Kanuni za sura ya 90 zinasema pia kwamba nyongeza iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya mashine fulani huhesabiwa pamoja na mashine hiyo. Kwa hiyo kishikizo au kihisi cha kufunga kwenye probu kina nafasi yake katika kifungu hicho, mradi uwe na karatasi inayoonyesha matumizi yake. Ukikitamka kama "vifaa vya simu" ili kurahisisha mambo, unaweza kujikuta unalipa ushuru ambao hukudaiwa. Simu yenyewe, hata ukiileta kwa ajili ya kazi hiyo, huhesabiwa kama simu. Tozo nyingine hutofautiana nchi na nchi, hivyo uliza kabla.

Wapo wanaodhani kwamba utaratibu rahisi wa biashara ndogo za mpakani, wenye kikomo cha dola 2,000, utawafaa kwa kuwa bei ya probu inakaribia hapo. Utaratibu huo ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Probu iliyotengenezwa Marekani, Ulaya au China haiingii humo, iwe ya bei gani.

Ushuru ukiwa sifuri, kibali hakiwi sifuri. Vifaa tiba vinasimamiwa na mamlaka za dawa: Rwanda FDA kwa Rwanda na TMDA kwa Tanzania, na nchi nyingine zina mamlaka zao. Kifaa kisicho na usajili kinaweza kuzuiliwa hata kama hakidaiwi senti. Anayeleta probu mkobani kwa kuwa imetosha mkobani, akinyang'anywa, asilaumu forodha.

Kabla ya kununua, mambo manne ni ya kuulizwa. Kwanza, nyongeza hii inafunga kwenye probu gani? Hazifanani, na ya kampuni moja mara nyingi haikai kwenye ya kampuni nyingine. Pili, inahitaji simu ya aina gani, na simu hiyo ikizeeka programu itaendelea kukubali? Tatu, je, kuna ada ya kila mwaka? Baadhi ya kampuni huuza probu kwa bei nafuu kisha hudai ada, na ada ikikatika, huduma muhimu hufungwa. Zahanati iliyopewa zawadi bila kuambiwa habari ya ada hujikuta mwaka wa pili ina kipande cha plastiki kabatini. Nne, ikiharibika inatengenezwa wapi? Kama jibu ni kuirudisha ng'ambo, hesabu na gharama hiyo.

Na jambo la tano ni onyo. Kifaa kinachotumika na asiye mtaalamu hakimaanishi kifaa cha kila mtu. Katika majaribio ya Zambia, asiye na uzoefu alifanya kazi ndani ya kituo cha afya, kwa utaratibu, na kwa swali moja. Hakuwa na kibanda sokoni cha kuwaambia akina mama jinsia ya mtoto kwa malipo. India ilitunga sheria mwaka 1994 kuzuia kutaja jinsia ya mtoto aliye tumboni, baada ya mashine kutumika kuwatafuta watoto wa kike na kuwatoa, na hadi leo ultrasaundi huko lazima isajiliwe. Tusingoje tufikie huko. Mama akiambiwa na mchuuzi kwamba "mtoto yuko salama", akaacha kwenda kliniki, aliyeuza huduma hiyo amemdhuru bila kumgusa.

Nini kifanyike?

Kwa wizara za afya za nchi jirani, jambo la kwanza ni kuacha kuhesabu mashine zilizogawiwa na kuanza kuhesabu akina mama waliofikishwa. Kituo kinachopewa probu na nyongeza zake kipewe siku hiyo hiyo namba ya simu ya gari la wagonjwa, jina la hospitali itakayompokea mama, na mafuta ya safari. First Look imetuonyesha kwamba kugawa mashine peke yake hakupunguzi vifo.

La pili ni kukubaliana, angalau kwa wilaya zinazopakana kama Ngara na Kirehe, juu ya karatasi moja ya mjamzito inayosomeka pande zote mbili. Hilo halihitaji mkutano wa marais. Waganga wakuu wa wilaya mbili wanaweza kukaa mezani wakalianza.

La tatu linamhusu mama mwenyewe. Ukiwa mjamzito na maisha yako ni ya kuvuka, nenda ukapimwe mapema, kabla ya mwezi wa sita, na usiondoke bila maandishi. Usiridhike na kuambiwa "kila kitu kizuri". Uliza umri wa mimba leo ni wiki ngapi, mtoto ni mmoja au wawili, na kondo liko wapi. Weka karatasi hiyo pamoja na kitambulisho chako, maana zote mbili utaulizwa.

Na la nne linawahusu waliorejea kutoka nchi za mbali, wenye moyo wa kuisaidia zahanati ya nyumbani. Kabla ya kununua kifaa kinachong'aa, mpigie simu muuguzi wa pale umuulize wagonjwa wake hukwamia wapi. Pengine atakwambia anahitaji probu. Pengine atakwambia anayo, ila haina jeli na chaji. Na pengine atakwambia kinachokosekana ni pikipiki ya magurudumu matatu ya kumfikisha mama hospitali.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ultrasaundi ya mfukoni na nyongeza zake ni mgeni mwema, na hatuna sababu ya kumfungia mlango. Lakini huyu atatuonyesha tu ugonjwa ulipo. Kumbeba mama usiku hadi mahali penye daktari na damu, iwe upande huu wa daraja au upande ule, ni kazi ya wenyeji.